Baba wa Kwetu ni Mama

Vumbi la Nyakoe halina adabu. Karibu mwaka mzima mvua hulikalisha chini kama mtoto mtundu, alasiri baada ya alasiri, mpaka wageni hudhani sisi hatuna vumbi, tuna tope tu na vilima. Kisha Desemba inazeeka, mvua inasahau njia, na vumbi linainuka: jekundu, laini, linapanda migomba, linaingia masikioni, linaketi juu ya ndizi zangu sokoni kama mteja asiyenunua.

Nyanchera, mdogo wangu, hilo ni vumbi la jina lako. Mama alikuzaa njiani akitoka kuteka maji, mlango akiuona na asiufikie, nao wakakuita Nyanchera, mtoto wa njia. Nami nilikutania tangu hapo: wewe hukuzaliwa, wewe ulipeperushwa. Ukanirushia maganda ya ndizi. Leo nimeurudia utani ule, peke yangu, nikipanga mikungu, na hakuna kilichorushwa.

Waondoke, wasiondoke?

Ndilo swali la mwisho wa mwaka huu wa sabini na tisa. Linaulizwa mbele ya duka la Nyamongo, pale redio yake inapokaa juu ya gunia la chumvi kama mzee wa kanisa. Jumamosi redio hunyamaza, maana Nyamongo ni Msabato na hata betri zake zimebatizwa. Kwa hiyo Jumapili habari hutoka zikiwa za jana na juzi, zimechachuka kidogo, na wanaume huzinywa hivyo hivyo.

Habari zenyewe ni hizi. Jeshi la Tanzania liliingia Uganda, likamfukuza yule Jenerali aliyekuwa akiwala watu wake, na sasa Jenerali hayupo lakini jeshi lipo. Lipo Kampala, lipo Jinja, lipo kwenye vizuizi vya barabara, linalinda nchi isiyo yake. Basi waondoke, wasiondoke?

Mwalimu Ongeri anasema waondoke. Mwalimu huongea akiwa amesimama, kidole kimoja hewani, kama kwamba ubao uko nyuma yake hata akiwa porini. Anasema mgeni, hata akija kukuzimia moto, halali jikoni mwako. Anasema hao hao wametugeuzia mgongo pale Isebania, mpaka wetu na wao umefungwa, ndizi ya Kisii haionji Tarime, lakini mpaka wa Waganda waliuona uko wazi. Mimi nikamwambia, Mwalimu, Waganda walivukiwa kwa mizinga. Ungetaka nami nifunguliwe hivyo? Watu wakacheka. Mwalimu akashusha kidole, akakipandisha tena.

Nyamongo anasema wakae. Nyamongo haongei sana, hupima maneno kama anavyopima sukari, chini kidogo ya haki. Anasema nyoka ametolewa nyumbani, sawa, lakini mayai yake yako chini ya kitanda. Nani atalala hapo mwenye tochi akienda zake?

Waondoke, wasiondoke. Wasiondoke, waondoke. Jua linashuka nyuma ya migomba, mambo ya Kampala yanakatwa Nyakoe kwa kauli moja, yanatenguliwa, yanakatwa upya, na Kampala wala haina habari kwamba imeamuliwa.

Mimi nilikuwa nikicheka nao. Unanijua. Maisha yaliponipiga kofi la kushoto niliyaambia asante, la kulia bado. Nilipokosa mtoto, mume wangu akanirudisha nyumbani kama debe lililotoboka, nami nilifika kwa mama nikasema, nimeletwa, nani ana lami? Mama akacheka huku analia. Hivyo ndivyo nilivyojifunza: ukitangulia kucheka, wenzako hawajui pa kukupiga.

Lakini swali hili, Nyanchera, lilinikuta sina kicheko kilichobaki. Kwa sababu wale wanaoulizwa waondoke ndio waliokuua.

*

Wakombozi. Ndivyo watu wa Jinja walivyowaita, na walipoingia uliwapigia vigelegele mpaka sauti ikakauka. Abner, mume wako, ndiye aliyeniambia. Ulitoka kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda ukiwa na ndizi mbivu kwenye ungo, ukampa kijana mmoja mwenye bunduki, ukamwambia kwa Kiswahili chetu cha Nyakoe, "Kula, ndizi yangu iko mzuri." Kijana akacheka, akasema ndugu, ndizi zako ni nzuri. Ukamwambia, si ndiyo nimesema? Wewe sarufi hukuivunja, uliiambia ikupishe.

Nilipolisikia hilo nilikuona kabisa, na meno yako yale, na mkono kiunoni. Nikacheka. Halafu Abner akaendelea.

Siku uliyouawa ulikuwa na homa. Umelala ndani, blanketi mpaka kichwani. Fununu ilikuwa imeenea kwamba askari mmoja wa Jenerali amejificha katika nyumba zile, na wakombozi wakaja, nyumba kwa nyumba. Wakamkuta Abner uani. Wakamuuliza ndani kuna nani. Akasema mke wangu, anaumwa, mwanamume mwingine hayumo. Wakamgeukia Bitutu, binti yenu, aliyekuwa akichezea majivu karibu na jiko, kwa sababu watu husema mtoto hasemi uongo.

"Nani yuko ndani, binti?"

"Baba," akasema Bitutu. "Baba amelala."

Mtoto hakusema uongo. Kwetu baba ni mama. Yule wa kiume anaitwa tata, na yule aliyekubeba mgongoni anaitwa baba, na hili Mgusii hulijua kabla ya kujua kutambaa. Ni neno letu la kwanza na la kulilia. Ukichomwa na mwiba unasema baba. Ukiota mamba unasema baba. Nami na wewe, wakubwa hivi, tuliposimama kwenye kaburi la mama tulisema nini? Tulisema baba.

Lakini kijana aliyemuuliza alikuwa wa Songea. Angejuaje? Baba wa mtoto amesimama mbele yake, mikono juu. Sasa huyu baba mwingine, aliyelala ndani, aliyefichwa, ambaye mwenye nyumba amekana kwamba yupo, huyu ni nani? Akaelekeza bunduki mlangoni, akapaza sauti:

"Baba, toka nje."

Nawe ukatoka.

Jambo hili nimelitafuna miezi yote na bado ni bichi. Ulitoka kwa sababu uliitwa. Wangesema mama, toka nje, labda ungejivuta polepole, ungekohoa, ungesema subirini nivae. Wangesema wewe, toka, ungeogopa, ungekaa. Walisema baba. Homa ikakuachia kama mkono uliochomwa, ukaruka, maana anayesema baba kwa sauti kubwa ni mtoto aliyeanguka, mtoto aliyeungua, mtoto anayekuhitaji sasa hivi. Mlango ukafunguka kwa kishindo. Blanketi likatangulia.

Risasi haikusubiri kuona kama ni mwanamke.

 Abner anasema yule kijana alitazama, akamtazama mtoto aliyekuwa akilia neno lile lile, baba, baba, baba, mikono ameielekeza kwako. Kijana akauliza kwa sauti ndogo sana, kama mwanafunzi:

"Ndugu, kwenu baba ni nani?"

"Baba ni mama," Abner akasema.

Kijana akaketi palepale kwenye majivu, bunduki mapajani. Lilikuwa jeshi lililovuka mto na mipaka kwa lugha moja, lugha ya kuwaunganisha wote, na lugha ilikuwa imepita chini ya mlango wako ikatoka ikiwa nyingine. Yeye ndiye aliyechimba kaburi. Wenzake walitaka kumpokea sepetu, akakataa. Barabara zilikuwa haziendeki, hakukuwa na njia ya kukuleta Nyansiongo ulale nyuma ya nyumba ya wakwe zako kama desturi inavyotaka. Ukalala huko, mtoto wa njia, kando ya njia.

*

Abner alileta mtoto kwangu mwezi wa Juni. Alisema, Bosibori, mimi mwanamume peke yangu siwezi kusuka nywele. Nikamwambia hata mimi nikikusuka wewe hutapendeza. Alijaribu kucheka. Uso wake ulikuwa kama nguo iliyokamuliwa.

Bitutu alikuja bila maneno. Alikuwa anakula, anachota maji kwa kikopo, anafukuza kuku, lakini hakuita mtu yeyote jina lolote. Akinitaka alikuwa anakuja kusimama mbele yangu mpaka nimwone. Nilimtania kuku, nikamtania paka wa Nyamongo, nikajitania mimi mwenyewe kwa unene wangu. Siku moja nilipojikwaa, nikaketi juu ya kikapu cha ndizi mbivu, nikainuka nikiwa nimepakwa nyuma yote, alicheka. Kicheko chako, Nyanchera, chenye mkwaruzo mwishoni. Nilienda nyuma ya jiko nikajifanya natafuta kuni.

Toka siku hiyo alilala mgongo wake ukinigusa. Mimi, debe lililotoboka, nikawa na maji.

Ndiyo maana Abner aliposhuka tena kutoka Nyansiongo, wiki hii, miguu yake imejaa vumbi na macho yake hayatulii, niliingiwa na baridi. Kiwanda cha Jinja kimewaita watu wake. Huku hana shamba, Nyansiongo ni kwa kaka yake, na kukamua ng'ombe wa kaka mpaka uzee si kazi, ni kuomba chakula ukiwa umeshika ndoo. Atarudi Jinja. Hilo ameshaamua. Asiloweza kuamua ni mtoto.

Akasema hivi, huku anavunja kijiti: "Kama wale askari ni walinzi, naenda naye. Kama ni wauaji, abaki kwako. Mimi siwezi kujua tena, shemeji. Macho yangu yameona yote mawili."

Nikamwambia kwanza ale. Niliongeza mboga juu ya ugali wake wa wimbi ili mdomo wake uwe na kazi. Lakini moyoni, Nyanchera, nilikuwa nimeshajibu. Nilikuwa na jibu zuri, tayari limepakwa mafuta: wauaji. Nani angenikatalia? Dada yangu yuko ardhini kwao. Neno moja tu, na mtoto angebaki mgongoni mwangu.

Shida ni kwamba Abner alikuwa ameniambia jambo jingine, ile Juni, kwa aibu, akitazama chini, kama mtu anayemsifu aliyemuua mkewe. Wiki moja baada ya kukuzika, wakombozi walihamishwa, wakapelekwa upande mwingine wa mji. Usalama ukaondoka nao. Wakaja watu wenye bunduki, hakuna aliyejua ni wa nani. Waliingia nyumba za jirani. Hawakuuliza ndani kuna nani. Waliwaua watu wote wa nyumba zile, mpaka bibi kizee aliyekuwa akiuza karanga. Abner alimchukua Bitutu wakajificha kwenye miwa, akamziba mdomo kwa kiganja. Na walipotoka miwani, walichokitafuta, walichokikimbilia, ni wapi? Ni kizuizi cha wakombozi. Ni yule kijana wa Songea, aliyewaweka nyuma yake bila kusema lolote, akasimama.

*

Jumapili. Redio imeamka. Habari inasema kuna wakubwa wanaotaka jeshi lirudi kwao, na kuna wakubwa wanaoliomba likae, na hakuna aliyesema lini. Waondoke, wasiondoke. Kidole cha Mwalimu Ongeri kikapanda. Nyamongo akafuta kaunta ambayo haikuwa na kitu. Abner alikuwa ameketi juu ya gunia, Bitutu katikati ya magoti yake, akihesabu mbegu za maharagwe, akizipanga mstari, akizivuruga.

Mwalimu, Mungu ambariki, ana moyo mwema na hana breki. Akasema sisi tunapiga domo tu hapa, na hapa pana mtu aliyefiwa. Mwenye jeraha ndiye mwenye kauli. Tumsikie Bosibori. Wote wakanigeukia, na nyuso zao zilikuwa zimeshanisaidia kujibu. Walikuwa tayari kusikitika. Hata Nyamongo, mtu wa wakae, aliinamisha kichwa kunipa nafasi ya kusema waondoke.

Nilimtazama Abner. Alikuwa akivunja kijiti kingine.

Nilimtazama mtoto. Maharagwe yake yalikuwa yamefika mwisho wa mstari.

Nilitaka kutania. Nilitafuta utani kila mfuko, nikakuta matundu. Nikakuta wewe tu, umesimama mlangoni na blanketi lako.

Nikasema, "Wakae."

Mwalimu akaniambia polepole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa, "Bosibori. Hao ndio waliomuua dada yako."

"Ndio," nikasema. "Walikosea neno. Wakae. Kuna wengine kule ambao neno hawaliulizi."

Kidole cha Mwalimu kilishuka, na mara hii hakikupanda.  Nilitaka kuongeza: lakini mtoto aachwe kwangu. Nilikuwa na haki ya kuongeza, si ndiyo? Ulimi ukakataa. Ulikuwa umebeba mzigo mmoja mlimani, wa pili haukuuweza. Niliona tu Abner akifumba macho, kisha mkono wake ukashuka juu ya kichwa cha Bitutu na kukaa hapo, na nikajua nimemjibu.

Nyanchera, usinisifu. Njia yote ya kurudi nyumbani nilikuwa nikijitukana. Nilisema, mjinga wewe, mwaka mzima ulikuwa unauza ndizi kwa uongo, hii imeiva kumbe mbichi, hii ya leo kumbe ya juzi, na siku uongo mmoja ungekuletea mtoto, ukaokoka.

*

Asubuhi yake nilimweka Bitutu kwenye kigoda uani, mimi nikaketi chini. Nilimsuka mistari myembamba, ya kukaza, ikae mpaka Jinja. Na huku nasuka nikamfundisha. Nimewahi kumfundisha mtu nini mimi? Lakini hilo lilikuwa lazima lifundishwe, na hapakuwa na mwingine.

"Askari akikuuliza," nikamwambia, "unajibu kwa Kiswahili. Huyu ni nani?" Nikamwonyesha Abner, aliyekuwa akifunga mzigo kwa kamba ya mgomba.

"Tata," akasema.

"Kwetu ni tata. Kwa askari, huyu ni baba."

Akageuka kunitazama, kichana kikabaki kimeng'ang'ania nywele. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa maji ni moto. Nilimgeuza kichwa taratibu, niendelee, na pia asinione.

"Sema. Huyu ni baba."

Kuku wakapekua. Abner akaacha kamba.

"Huyu ni baba," akasema, kwa sauti ya mtu anayekanyaga daraja bovu.

"Vizuri. Tena."

"Huyu ni baba." Akafikiri. Mtoto huyu hufikiri kwa shingo, hukazana. "Na baba?"

"Baba yupi?"

"Baba. Wangu. Kwa askari anaitwa nani?"

"Kwa askari anaitwa mama."

Akalijaribu neno mdomoni bila sauti. Niliona midomo ikigusana, ikaachana, ikagusana, ikaachana. Kisha akaniuliza lile ambalo Kiswahili chote cha Mwalimu Ongeri hakina jibu lake, wala redio, wala Kampala:

"Wakiniuliza mama yuko wapi, niseme nini?"

Nyanchera, mimi ni mtu wa maneno. Nimewahi kumchekesha karani wa kortini. Nilishika msuko wa mwisho nikaukunja, nikaukunjua. Abner alikuwa amegeuka ukutani.

"Sema amelala," nikamwambia. Halafu nikakumbuka, nikashtuka, nikamshika mabega. "Hapana. Usiseme amelala. Usiseme kitu. Mshike huyu mkono, useme lile moja tu. Huyu ni baba. Umesikia? Lile moja tu."

*

Basi la Kisumu lilisimama kituoni likiwa limeinama upande mmoja, limejaa, kondakta ananing'inia mlangoni na haraka zake. Abner alipanda na mzigo. Mtoto alinyanyuliwa kupitia dirishani, miguu ikining'inia, viatu vipya vya plastiki vimefungwa kwa vifungo viwili. Niliwatania abiria waliokuwa karibu naye, nikawaambia huyu akilia mpeni ndizi, akicheka mumpe mbili. Walicheka. Mimi ni Bosibori. Nilihakikisha kwamba wanacheka.

Msiba wako haukuwa na kilio cha kwetu, mdogo wangu. Hukupigiwa kelele mlimani. Labda kilio hukaa mahali kikingoja mwili wowote wa kusindikiza.

Basi likakohoa, likaondoka. Na hapo, kwa mara ya kwanza maishani, niliona vumbi la Nyakoe likiwa na adabu. Lilisubiri magurudumu yapite. Lilisubiri mpaka nikashindwa. Ndipo likainuka lote, jekundu, pana, likasimama kati yangu na watu wa kituoni, likanifunika uso kama kitenge cha mtu mzima, ili asiwepo wa kuniona.

Ndani yake sikuona basi. Nilisikia tu sauti ya mtoto dirishani, kubwa, yenye kukaza kila herufi, akiisoma kwa kila mtu barabarani mpaka ikawa ndogo, mpaka ikawa injini tu:

"Huyu ni baba. Huyu ni baba. Huyu ni baba."